Bi Tepu na Koti la Baba

"Tangu dunia iumbwe hajapata kutokea mtoto wa kumfuma baba yake. Watu wamewazika baba zao, wamewakimbia, wengine wamewasahau. Wewe wako umemfuma, ukamtundika kwenye hanga, ukutani, watoto wa shule wapite wakimpapasa."

Huyo alikuwa Mwenyekiti, amesimama katikati ya sebule ya mama yake, Jumapili baada ya chakula, mkono mmoja kiunoni na mwingine unahutubia. Mwenyekiti si mwenyekiti wa kitu chochote kinachojulikana. Kazi yake ni kusoma mita za maji. Lakini kwenye ukoo wetu hakuna harusi, msiba wala ugomvi wa kamba ya kuanikia ambao hajauendesha yeye, basi jina likamganda.

Aliyekuwa anahutubiwa ni mdogo wake, mwanamke mzima mwenye mvi zake mbili tatu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Tepu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, koti lenyewe limelala mapajani pake kama paka mweusi aliyeshiba. Alikuwa anapitisha kidole kwenye pindo la mkono wa koti, anatafuta mahali penye uzi uliolegea. Watu wengine wakikasirika wanachemka. Yeye anakauka. Ukimwona anakagua mishono, anza kuondoa vyombo mezani.

Mama yao alikuwa kwenye kochi lake, miguu juu ya stuli. Mke wa Mwenyekiti alikuwa pembeni, anamuunga mkono mumewe kwa kuguna. Na mimi nilikuwepo kwa sababu mama yao ni Mama Mkubwa wangu, dada wa mama yangu, na akiniita naenda. Isitoshe, mimi ndiye fundi redio wa ukoo, na shauri la siku ile lilihusu kaseti.

Niwaeleze kwanza huyu dada ni nani, maana ukimkuta barabarani na ule mfuko wake utadhani anakwenda kutupa takataka.

Ujana wake wote aliendesha mashine ya kufumia masweta ya shule, kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya soko. Kama ulisoma miaka ile na ukasikia baridi, inawezekana kabisa kilichokukinga ni mikono yake. Kisha mitumba ikaingia, masweta yakawa yanamwagwa chini kama viazi, na mwenye karakana akaamua mashine zina faida zaidi zikiwa vyuma chakavu. Bi Tepu alikwenda kushuhudia zikivunjwa. Wenzake walilia wakaondoka. Yeye alisimama mpaka nyundo ya mwisho, akaokota sindano moja ya kufumia, yenye kichwa kama ndoana ndogo, akaitia mfukoni. Nadhani ile hasira iliingia mfukoni pamoja na ile sindano, na tangu siku hiyo havijaachana.

Akawa anakuja dukani kwangu kupiga soga. Duka langu wakati huo lilikuwa limejaa magunia ya kaseti. Watu walileta redio zitengenezwe, kaseti zikiwa bado tumboni, kisha wakapata simu zinazoimba, na hawakurudi kuchukua redio wala kaseti. Siku moja redio mojawapo ikatafuna utepe wa kaseti. Nikauvuta, ukatoka, ukatoka, unajua ulivyo mrefu ule mdudu. Nikautupa miguuni pake. Yeye huku anamsengenya mwenye karakana, mikono ikaokota utepe, sindano ikatoka mfukoni, na tulipomaliza kumsengenya yule bwana kulikuwa na kitu mezani: kikofia kidogo, cheusi kinachoelekea hudhurungi, kinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Ukikishika kinanong'ona. Si maneno, lakini ni kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Hakuuliza chochote. Alichukua gunia akaondoka nalo begani.

Kutoka hapo alifuma vitu ambavyo hata mimi ninayempenda nilivionea haya. Alifuma mbuzi mzima, saizi ya mbuzi, na mbwa wa jirani akambwekea mpaka sauti ikamkauka. Alifuma mwavuli ambao unavuja kila mahali. Kisha akafuma ile mashine ya masweta, ukubwa ule ule, na magurudumu yake na meno yake, yote kwa utepe, akaining'iniza chumbani kwake na kulala chini yake. Watu wa ukumbi wa maonyesho waliposikia wakaja kuiona, wakaizunguka kimya kama walioingia kumwona mgonjwa. Wakasema huyu ni msanii. Mtaani tulikuwa tumeshakubaliana kwamba ni kichaa, kwa hiyo habari hiyo ilituchanganya sana.

Mashoga zake walimtania. Mmoja alimwambia, Bi Tepu, hebu nifumie mume. Akamjibu alete kaseti tupu, kwa sababu wanaume anaowapenda yeye huwa hawana la kusema.

Ana sharti moja kwenye kazi yake na halivunji. Kaseti ikifika mkononi mwake, kabla hajauvuta utepe, anaisikiliza. Pande zote mbili, mpaka mwisho, hata ikiwa ni mtu anasoma bei za mazao. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akasema, "Simfungui mtu kabla sijamsikiliza." Basi mpenzi msomaji, lishike hilo sharti, maana ndilo lililomponza.

Baba yao alikuwa fundi wa matingatinga. Kampuni ilimchukua kwenda kujenga barabara nchi ya mbali, na kwa kuwa barua alizichukia, alijirekodi kwenye kaseti, upande mmoja, akampa mwenzake aliyekuwa anarudi. Kaseti ilifika. Kabla hawajajibu, ikafika habari kwamba ameugua na amefariki, na amezikwa huko huko. Mama Mkubwa hana kaburi la kwenda kupalilia. Ana kaseti.

Wiki ile ile ya msiba alichukua kisu cha jikoni akavunja kile kipande kidogo cha plastiki kilichopo mgongoni mwa kaseti. Waliokulia enzi za simu nawaeleza: kila upande wa kaseti ulikuwa na kipande chake. Ukikivunja panabaki tundu, na tundu likiwepo kitufe cha kurekodi hakishuki ng'o. Ndiyo ilikuwa kufuli yetu. Mama Mkubwa alivunja cha upande wenye sauti ya mumewe, ule ambao marehemu mwenyewe aliuandika kwa kalamu, "Kwa watu wangu." Ule wa pili, mtupu, aliuacha. Akaiweka kaseti kwenye droo ya kabati la vyombo na kukataza isichezwe, kwa sababu alijua siku akiisikia ataanguka.

Lakini kuikataza haikuwa kuisahau. Mwenyekiti hasa aliigeuza kuwa katiba. Aliisikia mara moja ilipofika, akiwa kijana wa kuanza kunyoa ndevu, na tangu hapo kila kikao amekifungua kwa maneno ya baba kwenye kaseti. Baba aliniambia nishike nyumba. Baba alisema mkubwa asikilizwe. Kila mwaka baba aliongeza sentensi. Marehemu aliyekuwa mtu wa maneno machache akawa anatoa maagizo mpaka juu ya rangi ya kupaka choo.

Miaka miwili iliyopita Mama Mkubwa akasema amezeeka, sasa anataka kuisikia. Akamkabidhi Bi Tepu. Bi Tepu akaja nayo kwangu, amevaa nguo safi. Tukafunga mlango wa duka, nikasafisha kichwa cha redio kwa spiriti, nikaiweka, upande wa "Kwa watu wangu." Tukakaa kama watoto.

Ukaja wimbo wa mapenzi.

Ukaisha, na baada yake ikaja sauti ya kijana anayejifanya mtangazaji wa redio, amebana pua ili isikike kama kwenye mitambo: wimbo huo umwendee yule ua wa dawati la mbele, kutoka kwa mtu asiyelala. Kisha wimbo mwingine, na salamu nyingine, kwa ua lile lile. Upande mzima. Nilianza kucheka kabla sijajua nacheka nini, halafu nikaitambua sauti. Alikuwa Mwenyekiti, kabla ya kitambi.

Nikaitoa kaseti, tukaitazama mgongoni. Lile tundu lilikuwa limezibwa kwa kikaratasi kilichotafunwa kikashindiliwa. Vijana wote tulifanya hivyo miaka ile; kitufe kikigoma unaziba tundu kwa karatasi, kinashuka. Nikaigeuza upande wa pili, ule mtupu. Ulikuwa mtupu hadi leo, unavuma tu. Hapo tukaelewa. Kijana wa watu alitaka kurekodi upande usio na kitu. Redio yao ilikuwa ya zile zinazomeza kaseti kichwa chini, mwenye haraka anachanganya pande. Kitufe kikagoma. Badala ya kuigeuza kaseti, akaiziba. Akamfuta baba yake kwa mkono wake, huku anaimba, wala hajui. Mpaka kesho angeweza kula kiapo kwamba upande wa baba uko salama.

Tulisikiliza tena polepole. Kati ya wimbo mmoja na mwingine, mahali ambapo kidole chake kilichelewa, palikuwa na kipande cha zamani kimebaki. Mwanaume anakohoa, anasema, "Sasa." Halafu ngoma zinaingia. Basi.

Bi Tepu aliirudisha nyuma akaisikiliza tena, na tena. Mimi nikamwambia twende sasa hivi kwa Mwenyekiti, na ikiwezekana twende na spika. Akanitazama akanikausha. "Mama ana mtoto mmoja anayemwamini," akasema, "na si mimi. Nikimwondolea huyo atabaki na nani?" Akaniapisha. Kwa mama akapeleka habari kwamba utepe umeoza, hausomeki. Mama Mkubwa akasema haya, Mungu hajapenda niisikie, akalia kidogo, akamwambia ganda la kaseti na utepe wake ni vyako, fanya unavyojua.

Akafuma koti. Koti la kiume la kazini, lile la mifuko mikubwa, saizi ya baba yao, kwa utepe wa kaseti zote za nyumbani kwa mama yao. Kile kipande cha kikohozi na "sasa" alikikata peke yake akakifuma kwenye mfuko wa kifuani, na kukitia fundo la uzi mwekundu ili ajue kilipo. Ukumbi ukalichukua kulionyesha. Yule binti wa ukumbi akamuuliza limetengenezwa kwa nini, yeye akasema ukweli wake, binti akaandika kikadi akakibandika ukutani: Koti. Utepe wa kaseti, pamoja na sauti ya marehemu baba wa msanii.

Na nani akapeleka watoto wake kutembea siku hiyo, akasoma kile kikadi? Mwenyekiti.

Alitoka pale mbio, hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa dada yake, hakumkuta, akamwamuru mwenye nyumba afungue, akapekua. Bi Tepu huwa hatupi maganda ya kaseti, anayapanga ukutani kama matofali. Mwenyekiti akalipata ganda lenye mwandiko wa baba yake, limebaki tupu ndani. Akaitisha kikao. Bi Tepu naye, alipopata ujumbe, alipitia ukumbini akalishusha koti mwenyewe, binti wa watu anabembeleza mpaka mlangoni.

Sasa ndiyo tumerudi sebuleni.

Mwenyekiti alieleza kwa kirefu jinsi taifa linavyoharibika. Alisema utepe haukuoza, kwani ukioza ungefumwaje. Hapo, lazima nikiri, alikuwa na hoja, na Mama Mkubwa alimgeukia binti yake kwa macho ambayo sikuyapenda. Mkewe akaguna. Mwenyekiti akasema dada yake aliona wivu tangu utotoni, kwa kuwa kwenye kaseti baba alimtaja yeye mkubwa, na ndiyo maana ameamua kuufuta ushahidi. Alitaka koti lifumuliwe. Hapo hapo, mbele ya mama, utepe wote uzungushwe upya ndani ya ganda lake, na huyu fundi, akaninyooshea kidole, aucheze.

Mimi nikaanza kusema kwamba utepe uliopita kwenye sindano umekunjika kila mahali, hautasema kitu. Akaniambia nyamaza, kazi yako ni betri.

"Kaka," Bi Tepu akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tukae. "Mara ya mwisho uliisikiliza lini?"

"Sihitaji kuisikiliza. Naijua kwa moyo."

"Nauliza mara ya mwisho uliishika lini."

Kwa mara ya kwanza ule mkono wa Mwenyekiti wa kuhutubia ulishuka. Mimi niliona, kwa kuwa nilijua pa kutazama: jamaa alikuwa na kasiri kake ka upande wa pili, ka nyimbo na dawati la mbele, na mkewe alikuwa ameketi pale pale, ambaye hakuwahi kusoma shule ile. Akajibu kwa ukali uliozidi. Akasema yeye hajawahi kuugusa upande wa baba, hajawahi, na aliyeugusa alaaniwe.

"Usiape," Bi Tepu akamwambia.

"Naapa."

"Nimekwambia usiape, kaka. Nimekubeba miaka miwili, usiniongezee uzito."

Maneno hayo yakamwasha. Akauliza amebebwa na nani, yeye anayebeba ukoo huu wote na mwanamke anayefuma mbuzi. Akainama, akaushika mkono wa koti, akavuta. Utepe ukakatika pindoni, ukaanza kutoka, ule mlio wake mdogo ukasikika, mishono inafunguka mmoja mmoja kwa adabu kabisa. Akavuta tena, ukazidi kutoka. Bi Tepu hakumpokonya. Aliweka kiganja juu ya mfuko wa kifuani, kwenye lile fundo jekundu, akatulia, na akamtazama kaka yake kwa namna ambayo mimi, nikitazamwa vile, ningehama mtaa.

"Maliza," akamwambia. "Wewe umezoea."

Mwenyekiti akauachia utepe. Akatia mkono mfukoni, akatoa ganda la kaseti na kulitupa juu ya meza, likateleza mpaka kwenye kikombe cha mama yake. Akasema haya, mama, huyo hapo mumeo, ametolewa utumbo.

Mama Mkubwa akalichukua. Haoni vizuri siku hizi, anaona kwa vidole. Alipitisha kidole gumba juu ya mwandiko, akatabasamu kidogo, kidole kikaendelea, kikapanda mgongoni, kikafika penye tundu. Kikasimama. Kikarudi, kikasimama tena. Akalikwangua kwa ukucha. Kikaratasi kikatoka nusu, cha njano, kimegandamana kama jino.

"Hili nililitoboa mwenyewe," akasema. "Kwa kisu changu. Nani ameliziba?"

Mke wa Mwenyekiti akatazama dari. Mwenyekiti akasema ni dada yake, nani mwingine, akanyoosha mkono akalichukua lile ganda kwa mama yake, akalisoma, "Kwa watu wangu." Akakitazama kile kikaratasi. Akaligeuza ganda upande wa pili, penye kipande kizima cha plastiki, hakijaguswa tangu kiwandani. Akaligeuza tena. Kinywa chake kilikuwa bado wazi kwa sentensi iliyokuwa inafuata.

"Wewe ndiye uliyekuwa nayo," Mama Mkubwa akamwambia binti yake, na sauti yake haikuwa ya kuomba. "Nimekuuliza. Nani ameziba tundu langu?"

Bi Tepu akasimama. Nilimwona anavuta pumzi, mdomo unafunguka, na nikasema moyoni, leo ndiyo leo, toa, dada, tupumue. Alimtazama mama yake, kisha yule mzee mzima aliyesimama anageuza ganda la kaseti mkononi. Akafunga mdomo. Akalikunja koti, mfuko wa kifuani kwa ndani, akalitia kwapani na kutoka bila kuaga. Alikuwa na hasira kiasi kwamba alivaa kandambili za wifi yake, akaacha viatu vyake mlangoni.

Ule utepe uliofumuka ukamfuata. Ulipita juu ya kizingiti, ukashuka ngazi, ukaburuzika uani kupita chini ya nguo zilizoanikwa, unang'aa, unanong'ona kwenye sakafu, na yeye hakugeuka kuukusanya. Mama Mkubwa alikuwa anauliza mara ya tatu. Mwenyekiti alikuwa ameukanyaga mwisho wake kwa bahati mbaya, akaona unakazika chini ya kiatu, akainua mguu.

Geti likalia. Utepe ukaendelea kwenda.